Pakingi Mpya Juu ya Mbovu

Fundi wa matanga alikuwa amepiga magoti nyuma ya injini, maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini kabisa ya chombo, yakimfika mapajani, spana mbili mkononi na hasira kooni.

"Mashua imeoza," kaka yake alisema akiwa ngazini. "Unajisumbua bure, kitinda."

"Haijaoza. Inavuja mahali pamoja tu, na mahali penyewe ndipo nilipo mimi."

Mashua ilikuwa ya baba yao. Tangu azikwe, binti huyu, kitindamimba wake, alitunza matanga, na kifungua mimba alitunza injini. Sasa kifungua mimba alikuwa amemwambia mama kwamba maji yanaingia kila upande, na alikwisha kumpata mnunuzi. Mnunuzi angekuja alasiri hiyo hiyo. Mama alisikiliza pande zote mbili, kisha akakata shauri: kama chombo kinazama, kiuzwe, kama hakizami, asisikie tena habari ya kuuza. Sasa alikuwa juu ya sitaha, amefungua mwavuli, anangoja.

Shafti inayozungusha rafadha, yaani propela ya mashua, hupita kwenye bomba la shaba kabla ya kutoka nje ya mashua. Ndani ya bomba hilo hupangwa pete za kamba iliyolowa grisi, ndizo pakingi, na nati kubwa huzibana. Zikibanwa sawasawa, hupitisha tone moja moja ili shafti ipoe. Baba aliwafundisha hayo wote wawili. Lakini mkubwa hakuweza kuvumilia tone. Nyumbani walimwita Kaza, maana bomba la bafuni alilofunga yeye lilifunguliwa kwa mikono miwili, na mama alikwisha kukata mfuniko wa kopo la unga kwa kisu.

Binti aliilegeza nati. Ilitoa mlio kama wa mlango wenye kutu, kisha maji yakaanza kuchuruzika.

"Tunazama!" Kaza alipiga kelele.

"Washa pampu, acha kelele."

"Nani anazama huko?" mama aliuliza kutoka juu.

"Hakuna, mama. Ni Kaza na mdomo wake."

Pampu ilinguruma. Binti aliingiza kulabu nyembamba kwenye bomba, akavuta. Pete ya kwanza ilitoka nzima, bado nyeupe. Ya pili ilitoka imepondeka. Zilizofuata hazikutoka kama pete. Zilitoka vipande vyeusi, vikavu kama mkaa, vikamvunjikia kiganjani. Alivitazama kwa muda. Hizo zilikuwa za baba. Yeye ndiye aliyemshikia taa siku baba alipozipanga.

"Hukuzitoa za zamani," alisema. "Uliweka mpya juu ya mbovu."

"Si zilikuwa zinavuja? Nikaongeza."

"Halafu ukakaza."

"Nikakaza, ndiyo. Ulitaka niziimbie?"

Binti aliifuta shafti kwa kitambaa, kisha akapitisha ukucha juu yake, kama baba alivyokuwa akifanya. Ukucha ulinasa. Aliurudisha, ukanasa tena pale pale. Shafti ilikuwa imechimbika mfereji mwembamba, kuizunguka yote.

Mori ulimpanda hadi masikioni. "Ilikuwa inapata moto?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani, Kaza?"

Kaza alitazama viatu vyake. "Ilitoa moshi. Lakini mara moja tu."

"Ikatoa moshi, ukanyamaza! Ukaenda kumwambia mama mashua imeoza! Uliichoma wewe, sasa unataka kuiuza kabla hajajua!"

"Punguza sauti, bwana."

"Sipunguzi!"

Juu, mwavuli ulifungwa kwa kishindo.

Maji yalizidi kuingia, na hasira haikuweza kuyazuia. Binti aliiacha mdomoni, akaikataza isifike mikononi. Alizungusha kamba mpya kwenye shafti, akaikata mshazari kwa kisu chake cha kukatia matanga. Alisukuma pete ya kwanza hadi mwisho wa bomba, mkato wake ukielekea juu. Mkato wa pete ya pili aliuelekeza ubavuni, wa ya tatu chini, ili maji yasipate njia iliyonyooka. Kila pete ilipoingia alitaja kosa la kaka yake, na makosa hayakumwishia. Mwishowe aliirudisha nati na kuikaza kwa vidole tu.

"Washa injini. Tia gia, polepole. Kamba za gatini zitatushika."

Shafti ilizunguka. Matone yalitoka kwa kasi. Akaikaza nati kidogo, akangoja, akaikaza tena kidogo. Yakapungua, yakabaki yakidondoka moja moja.

"Si unaona?" Kaza alisema, akaunyoosha mkono kwenye nati. "Bado inavuja. Nipe spana, niikaze kidogo tu..."

Spana ilimpata kwenye kifundo cha mkono.

"Mama! Amenipiga!"

"Nimeona," mama alisema. Alikwisha kushuka ngazi, viatu mkononi. Aliinama kwa shida, akaweka kiganja juu ya nati, akakiacha hapo huku injini ikinguruma.

"Baridi," alisema. Alimgeukia mwanawe. "Juzi nilipoweka mkono hapa ilikuwa kama pasi. Uliniambia ndivyo inavyokuwa."

Simu ya Kaza ililia. Alikuwa mnunuzi. Mama aliichukua kabla hajaipokea.

"Mimi ni mama yake," alisema. "Utusamehe kwa usumbufu, baba. Aliyekuahidi hakuwa na cha kukuahidi." Akairudisha simu, akapanda juu.

Kaza alisugua mkono wake, akajaribu kutabasamu. "Haya, chombo kimebaki. Basi yameisha."

"Hayajaisha. Huo mfereji utakula kila pakingi nitakayoweka, hadi shafti ibadilishwe. Na atakayeibadilisha ni wewe, mimi nikikusimamia." Alimtupia sifongo. "Kausha ngama."

Kaza alipiga magoti majini. Dada yake alikaa juu ya kifuniko cha injini, spana zote mbili mapajani. Kila Kaza alipoinua macho kuitazama nati, alimwona dada yake akiinua spana.