Mimba ya Kiganja

Jumatatu asubuhi, mwaka 1968, fundi Ausi alikuwa akitia mafuta cherehani yake barazani, mjini Bagamoyo, Kombo muuza nazi alipomletea kanzu akitaka mkono wa kulia upanuliwe. Ausi akampima. Kiganja kilikuwa kimeumuka kama andazi, na ndani yake kitu kilicheza.

"Mwezi wa ngapi?" aliuliza Ausi.

"Wa nne."

Ausi akaandika vipimo. Kuhusu punyeto, wazee waliwatisha watu kwa upofu, daktari wa wakoloni kwa wazimu, na shehe kwa mkono utakaofufuliwa ukiwa na mimba. Upofu na wazimu havikuja. Mimba ilikuja, tena haikungoja kiyama.

Kufikia Alhamisi alikwishapanua kanzu thelathini na moja. Mzee Majaliwa, msuluhishi wa ndoa, alitaka mikono yote miwili, na Ausi hakumuuliza neno. Muungwana hachungulii kanzu ya mwenzake. Ya kwake mwenyewe aliipanua kabla ya zote.

Siku hiyohiyo Haji, shemeji yake, dereva wa lori, alirudi kwa njia ya Msata baada ya miezi minane safarini. Alimkuta mkewe Biubwa, dada yake Ausi, anakuna nazi kwa mkono wa kushoto. Akautazama wa kulia, akaenda kuwaita wazee.

Wazee wakaketi mkekani kwa Haji, Ausi akiwa pamoja nao, kanzu zimewamwagikia. Mzee Majaliwa akasema mambo haya kwa mwanamume ni udhaifu, lakini kwa mwanamke hayajapata kusikika. Wenzake wakaitikia.

Biubwa alikuwa ameishi miaka kumi na mitatu katika nyumba ile, na hakutaka kuiacha. Akamgeukia Ausi.

"Kaka, waambie. Si wewe uliyewapima?"

Ausi aliona haya mpaka masikio yakamuwaka. Akaukunja mkono wake ndani ya kanzu, akasema chai inapoa.

Haji akaomba kalamu. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzito haushiki kitu, basi akaandika talaka kwa kushoto, herufi zimelaliana. Mashahidi nao wakatia sahihi kwa kushoto, na hakuna aliyeona ajabu.

Biubwa akaipokea karatasi kwa mkono wa kulia, kama adabu inavyotaka.