Wapagazi Waliorudi Kariakoo

Lori la mitumba lilifika dukani kwa Theophil saa mbili kasoro robo, na Bakili alikuwa amekwisha kuvua shati. Marobota yalikuwa arobaini. Alibeba sita, akaenda kunywa chai ya rangi pembeni, na aliporudi akakuta marehemu wamemaliza yaliyobaki.

Walianza kuja wiki ile kampeni zilipofunguliwa. Walikuwa wapagazi wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, waliokufa njiani kwa kuhara na homa, wakazikwa pale walipoangukia. Walitoka pande zote, Kongo, Nyasa, Ukamba. Walijifunga mablanketi, na kila mmoja alikuwa na kibati cha namba shingoni. Hawakula wala hawakuugua mgongo. Theophil aliwauliza bei yao, wakasema chochote. Akawapa mia tano kwa robota, na jioni ileile bei ya robota ikawa mia tano kwa kila mbebaji, wazima kwa marehemu. Kabla ya hapo ilikuwa elfu mbili.

Kwa Bakili tofauti hiyo ilikuwa chumba. Alikuwa amepanga Magomeni miaka thelathini, na mwenye nyumba alimpa hadi mwisho wa mwezi awe amelipa kodi. Mkewe, Tatu, alishaanza kupanga vyombo kwenye viroba. Bei isipopanda wanarudi Masasi, na Masasi hakuna anayewasubiri.

Ilikuwa Kariakoo nyingine ile aliyoikuta Bakili alipoingia mjini, ya nyumba za chini zenye baraza pana. Mgeni akitua mzigo tu anaulizwa, "Wewe mtu wa wapi?" na swali lilikuwa la kutafuta utani. Mnyamwezi akimpata Mzaramo humtukana mpaka akinai, kisha wanakwenda kunywa kahawa na kashata. Siku hizi swali ni lilelile, lakini anayeulizwa hutazama kwanza nyuma yake.

Hata hivyo alimuuliza marehemu mmoja aliyebeba naye sambamba, Khalfani, mwenye sura ya miaka ishirini na tano.

"Mimi Mmanyema, wa Kongo. Wewe?"

"Masasi."

"Masasi!" Khalfani akacheka. "Huko ndiko nilikofia. Karibu na kisima."

"Kumbe sisi ndio wenyeji wako. Na mpaka leo hujatulipa kodi ya kaburi!"

Ikabaki tabu moja, nani amwamkie mwenzake. Mmoja alikuwa mkubwa kwa kuzaliwa, mwingine kwa kuishi. Wakakubaliana kupeana shikamoo kwa zamu.

Bakili alimpenda mtu yule, na hilo halikumzuia kutia saini. Robert, mwenyekiti wa wabeba mizigo, aliandika barua ya kutaka wageni waondolewe, na jina la Bakili lilikuwa la nne. Gari la kampeni likapita likitangaza hayohayo kwa spika. Theophil, ambaye marehemu walikuwa wakimshushia mzigo wakati huohuo, alilipigia makofi akiwa mlangoni. Mchina wa mabegi akavunjiwa kioo. Mhindi wa vitenge, mzaliwa wa Ilala kama baba yake, akaambiwa arudi kwao, akafunga duka akarudi Ilala.

Alhamisi maofisa wa uhamiaji wakaja na lori. Marehemu walipoombwa vitambulisho walionyesha vibati vyao. Ofisa mmoja akaingiza namba kwenye simu, akasubiri.

"Hazisomi kwenye mfumo," akasema.

Vibati havikukubaliwa, mablanketi yalikuwa yamevuliwa kwa kazi, na vumbi lilikuwa limewafananisha wote, kwa hiyo Bakili ndiye aliyeombwa aonyeshe nani marehemu na nani mzima. Aliwaonyesha kwa kidole, mmoja mmoja. Alipofika kwa Khalfani aliona haya, akaonyesha kwa kidevu.

Wakapelekwa mpakani, na huko hawakupokelewa. Upande wa pili walisema watu hawa walikufa kabla nchi yao haijapata jina. Wakarudi kwa miguu, wakafika Kariakoo Jumatatu asubuhi, siku moja kabla ya lori lililowapeleka, ambalo liliharibika njiani.

Siku zote ambazo hawakuwapo, bei ilibaki mia tano. Bakili alingoja ipande Ijumaa, akangoja Jumamosi. Jumatatu akaingia ndani kwa Theophil.

"Bosi, wageni si mliwaondoa?"

"Tuliwaondoa. Na nyinyi mkabeba kwa mia tano, na mzigo ukafika." Theophil hakusema kwa ubaya, hata alimfungulia soda. "Kaka, mambo yamekaza. Vumilia kidogo. Uchaguzi ukipita narudisha bei yenu, na nyongeza juu."

Bakili akatoka amefarijika kweli. Marehemu walikuwa wamekaa barazani wakisubiri mzigo mwingine, na Khalfani akasogea kumpa nafasi. Bakili akakaa, akampigia mkewe.

"Tatu, acha kufunga vyombo. Nimeongea na bosi. Anatulipa vizuri baada ya uchaguzi."

Khalfani alikuwa akikichezea kibati chake, macho yako barabarani.

"Sisi walituambia baada ya vita," akasema.

Bakili akabaki ameshika simu sikioni. Tatu alikuwa bado anauliza amwambie nini mwenye nyumba.