Nyigu wa Oktoba

Kwetu kupunga mkono lilikuwa kosa. Usicheke. Kijito kinachopita katikati ya kijiji chetu cha Erlengrund hata bata alikivuka bila kulowa mgongo, lakini wakubwa walioshinda vita walipokaa mezani kuigawana Ujerumani, Mmarekani akachukua ng'ambo, Mrusi akachukua huku, na kijito kikawa mwisho wa dunia. Wakaweka waya, wakaweka mnara wa askari, kisha wakaweka sheria: wa huku asimsalimie wa kule, si kwa mdomo, si kwa mkono. Wa kule walikuwa huru kupunga mpaka bega liume. Sisi tulitazama chini kama watu waliodondosha sindano.

Mama yangu alikuwa kule. Alikwenda kumtunza dada yangu Gerlinde alipojifungua, kijiji kile kile, hatua chache tu, na akiwa huko huko waya ukapita. Nyumba ya Gerlinde inatazamana na yangu. Kila siku baada ya chakula cha mchana mama anakaa dirishani, ananitazama ninavyolisha kuku, ananipungia. Na mimi Irmtraud Popp, Traudl kwa mama, mjane, kifungua mimba wake, natazama kuku.

Miaka ya mwanzo alielewa. Baadaye akili ikaanza kumchoka. Akasahau waya, akasahau Mrusi, akasahau hata vita vyenyewe, akabaki anamkumbuka binti aliyemnunia. Mwaka ule wa sitini na tatu akaanza kuita. "Traudl, mbona husemi na mimi? Nimekukosea nini, mwanangu?" Sauti ya kizee, lakini kijito chenyewe chembamba, na kijiji kizima kinasikia. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nataka jambo moja tu hapa duniani, nimjibu mama yangu kabla hajafa. Kuinua mkono mara moja, basi.

Na ungejibu, ungekiona. Muulize Gusti Hopf, ukijua alipo. Gusti aliweka keki ya plamu uani ipoe, ilikuwa Agosti ya mwaka uliotangulia, nyigu wakaivamia, naye akawafukuza kwa mikono yote miwili kama mwanamke yeyote mwenye akili zake. Bahati mbaya Wamarekani walikuwa wamesimamisha gari la jeshi ng'ambo. Mmoja wao, kijana mpumbavu mwenye kamera shingoni, akadhani anasalimiwa, akapunga na yeye. Kesho yake alfajiri lori likaja. Gusti, mumewe, watoto, vitanda, mbuzi, wote wakapakiwa na kupelekwa ndani ya nchi, mbali na mpaka. Ati hawaaminiki. Nyumba yao ikabomolewa kabla plamu za mwisho hazijaanguka.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Tokea siku hiyo nyigu wakala keki zetu watakavyo, na sisi mikono mifukoni.

Lakini nani alimchongea? Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Ua wa Gusti ulikuwa nyuma ya ghala, askari wa mnarani hauoni. Ulionekana kutoka nyumba mbili tu, yangu na ya Alwin Schramm. Mimi sikusema. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Alwin alikuwa fundi viatu, mseja mwenye mashavu yaliyobonyea, na aliyezishona buti za askari wa kambini ni yeye. Anaingia kambini na gunia, anatoka ananukia kahawa. Kahawa ya kweli, siyo hii yetu ya shayiri. Nani anapewa kahawa kwa kubandika soli? Kwangu mimi, Luteni Hensel wa kambi hiyo alikuwa anakuja kila Jumamosi kununua mayai, anakaa jikoni, anapiga soga, lakini yale ni mayai tu, na mwenye bunduki humnyimi yai. Alwin ni habari nyingine. Tulisalimiana juu ya ukuta mfupi unaotenga nyua zetu, "Umeamkaje, jirani?" "Salama, jirani," na moyoni namalizia: kikulacho ki nguoni mwako.

Mwisho wa Oktoba maji yaliganda kwenye ndoo. Mama alikuwa amelala kitandani wiki nzima, namsikia kikohozi tu. Siku ile Gerlinde akamsogeza dirishani na kiti, kafungwa mablanketi mpaka kidevuni, akamfungulia kioo. Mama akatoa mkono mmoja. Ulikuwa umekonda, Mungu wangu, umekonda kama mpini wa mwiko.

"Traudl," akaita, "naondoka. Hata kwaheri huniagi?"

Nilisimama na bakuli la pumba. Hapo ndipo mlango wa Alwin ukafunguka. Akatoka na sinia la keki ya plamu, akaiweka juu ya ukuta kati yetu, akaitazama kama mtu anayesubiri mgeni.

"Jirani," akasema, "nyigu wamezidi mwaka huu."

"Nyigu gani? Ndoo ina barafu."

"Hawa hapa. Huwaoni?" Akapiga hewa kwa mkono, polepole.

"Alwin, una lako wewe."

"Nina keki tu. Wakija upande wako utawafukuza mwenyewe, mimi mikono yangu miwili tu." Na akaendelea kupiga hewa, mrefu vile, kijivu vile, hakuna hata nzi.

Mtego. Nilijua ni mtego kama ninavyolijua jina langu. Mnara unatutazama, darubini imeshatugeukia, na huyu ananishikia mlango niingie mwenyewe. Kesho lori, na mama atautazama ua mtupu. Nikalishika bakuli kwa nguvu. Moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, na msitu ule nilishauzunguka zaidi ya mwaka.

Mama akaita tena, na safari hii alikuwa analia.

Liwalo na liwe. Nikaweka bakuli chini, nikainua mikono, nikawafukuza nyigu. Niliwafukuza juu, niliwafukuza kulia na kushoto, niliwafukuza mpaka kuku wakatawanyika. Ng'ambo mama akanyamaza. Kisha nikamsikia anacheka, anamwambia Gerlinde, "Si unaona? Hajaninunia." Sijawahi kusikia maneno matamu kama yale.

Askari walifika kabla sijaokota bakuli. Wakatuchukua wote wawili, wakatutenganisha. Mimi nikawekwa mbele ya Luteni Hensel, mla mayai yangu.

"Mama Popp," akasema kwa upole, "nyigu, na barafu hii?"

"Nyigu wa huku wakaidi, Luteni. Mmoja kaniuma." Nikamwonyesha kidole nilichojichoma kwa sindano juzi yake.

Hakukitazama. "Alwin ameshasema. Kasema ulikuwa unampungia mama yako."

Damu ikanichemka. Ndiyo, nikajiambia, nilijua, mwana haramu yule, keki yake na kahawa yake.

"Mimi nakuonea huruma," Luteni akaendelea. "Tunajua yeye ndiye aliyekushawishi. Sema hivyo tu, urudi kwa kuku wako, na mama yako aendelee kukuona."

Alinipa kile kile nilichokuwa nakitaka. Mdomo nilishaufungua. Lakini mimi ni mtu wa kushuku, nimelelewa hivyo na nchi hii, na nikishashuku simruki mtu. Nikamshuku na yeye. Kama Alwin kashasema kila kitu, mimi ananitakia nini? Mwenye mayai kikapuni hasumbuki kumbembeleza kuku.

"Nyigu walikuwepo," nikasema. "Walikuwa wengi."

"Fikiria vizuri, mama."

"Nimeshafikiria. Mmoja kaniuma."

Wakaniachia jioni. Usiku kucha nilifunga vitu vyangu: vyungu, shuka, picha ya marehemu. Sikumtegemea Alwin hata chembe. Alfajiri nikakaa juu ya furushi, koti mwilini, nikasikia lori linashuka barabara ya kijitoni. Likapunguza mwendo mlangoni kwangu. Likanipita. Likasimama kwa Alwin.

Nilitoka nje na koti langu. Askari walikuwa wanabeba cherehani yake ya kushonea ngozi, na yeye kasimama pembeni na kofia mkononi. Kijiji kizima kilikuwa nyuma ya mapazia, ninawajua. Nikasogea ukutani.

"Umewaambia nini?"

"Kwamba wewe ulikuwa unafukuza nyigu," akasema, "na mimi nilikuwa napunga."

"Una wazimu?"

"Lori lilishaitwa, Traudl. Hawa hawarudishi lori tupu."

Nilimtazama mtu yule niliyemwamkia kila siku na kumlaani kila siku. Muda ulikuwa unakwisha, nikamuuliza lile lililokuwa linanila.

"Alwin, Gusti ulimchongea wewe?"

Akageuka kabisa. "Mimi? Mimi nilijua ni wewe. Luteni jikoni kwako kila Jumamosi, mayai gani yale yasiyokwisha?"

"Na kahawa yako je?"

"Wananilipa kahawa kwa sababu soli zao mbovu na fundi mwingine hakuna." Akakuna kichwa. "Basi huenda hakusema mtu. Walimwona yule Mmarekani anapunga, wakatafuta anampungia nani."

Zaidi ya mwaka mzima. Mtu na jirani yake, ukuta unaofika kiunoni, kila mmoja anamchungulia mwenzake.

"Ulijua ni mimi," nikasema, "na bado ukaleta keki?"

"Mama yako alikuwa anaita. Na mimi naishi pale pale, nasikia."

Wakampandisha juu ya vitu vyake, akakaa kwenye kiti chake cha ufundi. Lori likaondoka kufuata barabara ya kijitoni, kisha lipande kilima kwenda ndani ya nchi. Hakuna pazia lililotikisika. Nikaingia katikati ya barabara. Sheria ilikataza kuwapungia wa ng'ambo. Juu ya lori linalokwenda bara haikusema neno, na kama ilisema sikujali tena. Nikainua mkono wangu wa kulia mpaka mwisho, mnara unanitazama, nikampungia Alwin Schramm.

Akaniona. Akainua kofia.

Dirisha la Gerlinde lilikuwa wazi, baridi ile, na mama alikuwa ameshaketi. Alikuwa ananipungia na yeye. Askari mmoja akatoka mnarani akanipigia kelele, anataka kujua nampungia nani.

"Lori," nikamwambia, na mkono sikuushusha.