Rudia, Kanali

Siku ya kuzindua jiwe la kumbukumbu ya vita, fundi saa aliyebandikwa jina la Sikio alikaa mstari wa mbele, kando ya mama yake, akiwa na nia moja tu: kumwaibisha kanali mstaafu mbele za watu. Kusamehe? Asamehe nani! Kinyongo alikilea miaka ishirini na mmoja, kikala, kikanenepa, kikaota ndevu.

Vitani Sikio alikuwa mlengaji wa mzinga wa pili, na kanali huyu, enzi hizo luteni, ndiye aliyewaamuru. Mzinga una utaratibu wake. Ofisa akitaja umbali, mlengaji anaurudia kwa sauti kubwa, ofisa akiitikia "Sawa!", ndipo kombora linatoka. Walifanya hivyo kutwa nzima, siku baada ya siku, hata luteni akawa anaitikia usingizini na vijana wanamcheka.

Asubuhi moja luteni alitaja mita elfu tatu mia mbili. Mlengaji akarudia. "Sawa!" Kombora likaangukia handaki la wenzao wenyewe, likaua sita, mmoja wao mdogo wake Sikio, kitinda mimba wa mama. Kwenye uchunguzi luteni akaapa macho makavu kwamba yeye alisema elfu tatu mia saba, ila mlengaji ana sikio bovu. Wengine wa mzinga ule walikuwa wameshakufa. Nani wa kumtetea? Sikio akafukuzwa jeshini, akarudi nyumbani na jina jipya. Mama alimpokea, akampakulia chakula, akamfulia nguo. Lakini hakumwita tena "mwanangu".

Sasa kanali, nishani zimemjaa kifuani, alikuwa akisoma karatasi yake kwenye kipaza sauti.

"Mimi niliagiza elfu tatu mia saba. Mlengaji wangu, maskini, hakusikia."

Watu wakageuka kumtazama Sikio. Mama akainamia mkoba wake.

Sikio akasimama, visigino pamoja, akatoa ile sauti aliyoifanyia mazoezi dukani wiki nzima, mlango umefungwa, vioo vya saa vikitetemeka.

"Mzinga wa pili! Umbali elfu tatu mia mbili!"

"Sawa!" kanali akaitikia, wala hakuinua macho kutoka kwenye karatasi.

Kanali akajiziba mdomo kwa kiganja, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Akajaribu kucheka, hakuna aliyemsaidia. Sikio aliliona shavu la kanali likichezacheza, akasikia raha ya mtu aliyetolewa mwiba, na hakuona haya hata kidogo.

"Mazoea tu, jamani," kanali akasema. "Mazoea ya zamani."

Mama akainuka taratibu, akashika bega la Sikio.

"Rudia, baba," akamwambia kanali. "Mwanangu ndiye uliyesema hasikii. Mimi nimesikia vizuri sana. Rudia, na wa nyuma kule wasikie."