Nafasi ya Mwisho ya Irma Tolland

Wakubwa wa studio za Hollywood walikuwa na desturi ya kukatakata filamu ya mtu nyuma ya mgongo wake, na mwongozaji Walter Brandvold alikuwa na dawa yao. Akishapata picha aliyoitaka, huziba kamera kwa kofia yake. Picha za ziada hakuna, basi cha kuchezea hakuna. Ujanja huo ulimlinda miaka mingi.

Safari hii ukamgeuka. Filamu yake ilipoonyeshwa kwa majaribio mjini Pomona, watu waliangua kicheko pale Irma Tolland alipokuwa akikata roho. Irma alikuwa nyota zamani. Sasa ni mjane aliyesahauliwa, na Walter ndiye aliyempigania apate nafasi ile. Kwa hilo Mungu amkumbuke.

Asubuhi akaitwa na mtayarishaji, Bwana Gorman.

"Nipe picha nyingine za kile kifo."

"Sina."

"Huna? Kofia imezimeza?" Gorman akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Basi bibi kizee atoke kwenye filamu nzima. Au utoke wewe kazini. Chagua."

Walter alilitazama zulia. "Atoke yeye."

"Na kamwambie mwenyewe. Si wewe uliyemfufua?"

Walter akaenda nyumbani kwa Irma, maneno yakiwa mdomoni. Irma alimkatia pai ya tufaha, kipande kikubwa kuliko chake.

"Walinicheka, Wally. Nilikaa nyuma kabisa, nikasikia. Wamekusumbua kwa ajili yangu?"

"Wala."

"Usinifiche, mwanangu. Mimi nimezoea."

Walter alimeza pai. "Wamekupenda, Irma. Wote."

Irma akajifuta machozi kwa aproni, akasema atamwita dada yake kutoka Ohio aje kuona.

Siku ya uzinduzi Irma aliketi kati ya Walter na dada yake, amevaa gauni la kuazima. Taa zikazimwa. Majina ya waigizaji yakapita, yakaisha.

"Mbona lako sijaliona?" dada akanong'ona.

"Umepepesa macho, Hattie. Wewe tangu utotoni."

Irma akaushika mkono wa Walter, akaukuta wa baridi, akaufunika kwa mikono yake miwili.

"Tulia, Wally," akamwambia taratibu. "Sasa hivi natokea."