Kivuli cha Mheshimiwa

Raissa alitoka Gitega na sanduku la kioo mapajani, akalilinda njia nzima hadi Butihinda kama mtoto mchanga. Ndani yake mlikuwa na bamba lililopakwa unga wa njano. Ukitia maji na kuliweka juani, unga ule huyapasua maji, na gesi ya hidrojeni hupanda mrijani kwa mapovu. Unga wake wa kwanza, mweupe, ulitumia sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua. Huu wa njano ulitumia zaidi, naye aliupata baada ya kuharibu mwingi.

Mkurugenzi wake, Fredi, alikuwa ameshamwambia: Mheshimiwa Urbano, mgeni rasmi wa uzinduzi huko Butihinda, akiona mapovu, chumba cha utafiti kitabaki cha Raissa; asipoyaona, kitakuwa stoo ya viti vya sherehe.

Mapokezi yalikuwa mikononi mwa mzee Nazario, aliyekulia Tanzania akarudi na adabu zote za huko, kisha akaziongezea za huku. Aliliweka sanduku chini ya hema, akalifunika kitambaa.

"Mzee, hiyo kitu iko nakula mwangaza," Raissa alisema. "Ukifunika, inalala njaa."

"Binti yangu, kitu cha kuzinduliwa hakionwi kabla ya mgeni. Hata bibi harusi hufunikwa."

"Bibi harusi haitoe gesi, mzee."

"Subiri uolewe," alisema Kasilda, mke wa Nazario, akipita na sinia.

Mheshimiwa alifika jua likiwa kali. Alitambulishwa, akawatambulisha aliokuja nao, Fredi akiwemo, nao wakamtambulisha upya. Ndipo akavuta kitambaa. Maji yalikuwa yametulia kama ya mtungini.

"Ni maji," alisema Mheshimiwa.

Raissa hakuomba ruhusa. Alilibeba sanduku akaliweka juani, na baada ya kitambo mapovu yakaanza kufuatana mrijani. Wanawake waliokaa majanini wakapiga makofi.

"Mheshimiwa, kuja uone."

Nazario alishtuka. Mgeni hatembezwi juani. Akaita vijana, wakang'oa hema na kulibeba juu ya kichwa cha Mheshimiwa, polepole, hadi penye sanduku. Mapovu yakapungua, yakakoma.

Raissa akalisogeza mbele. Mapovu yakarudi. Hema likafuata. Waliuzunguka uwanja hivyo mpaka Mheshimiwa akachoka.

"Chombo kinafanya kazi," aliamua, "ila kinaogopa wakubwa."

"Hapana, Mheshimiwa, we toka kidogo tu kwa kivuli—"

"Viti haviogopi wakubwa," Fredi alisema kwa upole. Mheshimiwa akakubali kwa kichwa, na chumba kikawa stoo.

Magari yalipoondoka, Raissa alibaki ameketi majanini, sanduku likitoa mapovu kando yake. Kasilda alimletea ugali na maharage, akakaa naye.

"Mimi nina chumba," alisema, akionyesha kuta za matofali nyuma ya nyumba yao. "Tulikijenga tuliporudi. Mabati bado. Kila mgeni tunayempokea humwahidi mzee, na mzee humwamini kila mgeni."

Raissa aliacha sahani, akaingia ndani ya zile kuta, akatazama juu. Hapakuwa na kitu ila mbingu.

"Mama, humu jua inaingia saa ngapi?"

"Asubuhi," alisema Kasilda. "Na halitoki mpaka jioni."

Raissa akarudi kulichukua sanduku.