Kivuli cha Stamena

Kila siku ya jua, saa kumi kasoro dakika kumi, Vukosava alichukua dekio na beseni la bati, akapanda ngazi za Nyumba ya Wageni na kuliweka beseni chini ya ukuta wa mashariki, katika chumba ambacho zamani mtawala wa Serbia aliwapokelea wajumbe wa Sultani. Saa kumi kamili jua liliingia kwa dirisha la magharibi, likaupiga ukuta ule, na kivuli kikatokea. Kilikuwa kivuli cha mwanamke kijana aliyejitanda kitambaa kichwani, mzegazega begani, ndoo moja ikining'inia mbele na nyingine nyuma. Chumbani hakukuwa na mtu wa kukitoa. Ndoo ya nyuma ilivuja. Matone yalidondoka ukutani mpaka kwenye beseni, lita moja na nusu kwa saa, na jua lilipohama Vukosava alipiga deki, akayapeleka maji yale kwenye mawaridi ya uani. Mawaridi yaliyapenda.

Katika daftari la makumbusho jambo hilo liliandikwa: unyevunyevu, ukuta wa mashariki.

Makao ya kifalme ya Vrbovik yalikuwa na majengo saba enzi zake. Nyumba ya mtawala iliteketea kwa mabomu ya vita. Nyumba ya mkewe ilifanywa bwalo la maofisa, kisha ikabomolewa kupisha kituo cha mabasi. Zizi la farasi likawa shule, shule ikahama, paa likaanguka. Jiko, ghala na kambi ya walinzi vilijimalizia vyenyewe, kimoja baada ya kingine, kama wazee wa rika moja. Nyumba ya Wageni peke yake ilisimama wima kwa miaka mia moja na hamsini bila ufa. Wataalamu kutoka Belgrade walisema ni kwa sababu ya mbao za mwaloni. Watu wa mjini walisema ni kwa sababu ya Stamena.

Mafundi wa siku zile walijua kwamba nyumba kubwa haisimami bila kivuli cha mtu. Stamena alikuwa akipita na maji kuwapelekea wanaume wa kijiji chake, waliokuwa wakibeba mawe ya mtawala kwa shuruti. Mafundi wakamwomba maji. "Simama hapo hapo kidogo, dada, tumalize kunywa," wakamwambia. Akasimama. Mmoja alipokuwa akinywa, mwingine alipita nyuma yake na kamba ya katani iliyopakwa nta, akakipima kivuli chake pale chini. Kwa haraka aliyokuwa nayo, akapima na mzegazega na ndoo zake. Kamba ikatiwa ukutani, ikafunikwa kwa chokaa. Stamena akarudi nyumbani bila kivuli, na siku ya arobaini akafa. Aliacha mtoto wa kike wa miezi minne.

Tangu hapo wanawake wa ukoo huo walizaliwa bila kivuli. Halikuwa jambo kubwa. Vukosava alisoma, akaolewa, akapewa kitambulisho na kazi ya usafi makumbusho, na hakuna aliyemuuliza. Tabu ilikuwa kwa watoto wachanga tu. Mtoto wa ukoo huo halali mchana isipokuwa ndani ya kivuli cha mtu. Pazia halimfai, mti haumfai, wamejaribu vyote. Kwa hiyo majirani walikuja kwa zamu, wakakaa dirishani na sufu zao za kufuma, na mtoto akalala kwenye kivuli chao. Vukosava alikuzwa na vivuli vya wanawake saba, na hadi uzee wake angeweza kuwatambua kwavyo akiwa amefumba macho. Cha Mama Perunika kilinukia vitunguu.

Lakini mwaka aliozaliwa Vida, mjukuu wake, majirani wote walikuwa wameshaandikwa kazi katika kiwanda cha nyaya. Waliingia alfajiri, wakatoka jioni. Baba yake mtoto, Momir, alikuwa Ujerumani akiunganisha magari, na kivuli chake alikuwa nacho huko huko. Binti yake Vukosava, Zagorka, alichuma pilipili hoho katika shamba la ushirika huku amemfunga mtoto mgongoni, na jua lilimpita Zagorka kama linavyopita kioo, likampiga mtoto usoni tangu asubuhi hadi jioni. Vida hakulia sana. Aliangalia tu. Alipotimiza miezi saba alikuwa na kilo tano. Daktari alimgeuza huku na huku, akaandika kwenye cheti: apate kivuli cha mtu, saa moja kila siku. Akagonga muhuri. Duka la dawa hawakuwa nacho.

Ndipo makumbusho yalipopata fedha za kuondoa unyevunyevu.

Fundi aliyeletwa aliitwa Blagoje, mzee wa miaka sitini na tatu kutoka vijiji vya kusini, kule ambako kila mwanamume huzaliwa na mwiko wa uashi mkononi. Vukosava alimpokea kama anavyopokelewa mgeni: kijiko kimoja cha jemu ya cheri, glasi ya maji, kisha kahawa. Fundi alikula, akanywa, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

"Dada, huu si unyevunyevu," alisema. "Huyu ni mtu."

"Ni bibi yetu."

"Ndoo yake inavuja."

"Inavuja toka zamani. Wewe umeitiwa ukuta au umeitiwa ndoo?"

"Sijui kama hata walioniita wanajua," alisema fundi, akachukua patasi.

Kufikia mchana alikuwa ameifikia kamba. Ilikuwa imekunjwa vizuri ndani ya tundu, njano kwa nta, laini kama juzi tu imetiwa. Fundi Blagoje akavua kofia.

"Waliojenga hapa walitoka kijijini kwetu," alisema. "Babu alituhadithia kila siku jinsi walivyoijenga vizuri. Hili lingine hakutuhadithia."

"Nipe hiyo kamba, fundi."

Vukosava hakupandisha sauti. Alimweleza habari za Vida, za kilo tano na cheti cha daktari. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akaishika ncha ya kamba na kuivuta taratibu. Ilipotoka urefu wa shibiri moja, ufa ulikimbia darini toka pembe hadi pembe na vumbi likaanguka juu ya sanduku la kioo lenye bastola za mtawala. Akairudisha. Ufa ukajifunga.

Mkurugenzi, ndugu Tadija, alikuja mbio na kalamu sikioni. Hakuwa mtu mbaya. Mwezi wa saba alikuwa akiwaruhusu wafanyakazi waende kuvuna.

"Vukosava, dada yangu, kilichomo ukutani ni mali ya umma," alisema.

"Na mimi, ndugu mkurugenzi, ni mali ya nani?"

"Wewe ni umma wenyewe."

"Basi umma unaomba kamba yake."

Ndugu Tadija alisugua paji la uso, akaenda kupiga simu Belgrade. Alirudi baada ya nusu saa. Tume ya urithi ya huko ilikuwa imekubali bila ubishi kwamba kivuli ni cha Stamena na kwamba kilichukuliwa bila ridhaa yake. Ilikuwa imekubali pia kwamba jengo ni urithi wa daraja la kwanza. Kamba ingepewa namba 412 na kubaki ukutani. Familia ingeandikiwa barua ya shukrani.

"Ya kushukuru nini?" aliuliza Vukosava.

"Hilo hawajasema," alijibu ndugu Tadija, na aliona haya kweli.

Kesho yake Vukosava alifika kazini akiwa na Vida mkononi, maana mtoto alikuwa na homa na Zagorka alikuwa ametumia siku zake zote za ruhusa. Fundi alimtazama yule mtoto. Vida naye akamtazama. Macho yake yalikuwa makubwa na makavu, macho ya mlinzi asiyepokelewa zamu.

Fundi akaketi dirishani, akakaa wima kadiri mgongo wake ulivyomruhusu, na kivuli chake kikamfunika mtoto. Vida akalala palepale. Walikaa hivyo robo tatu ya saa, kazi imesimama, chokaa ikikauka kwenye karai.

"Mimi namaliza Ijumaa," alisema fundi kwa sauti ya chini. "Nakwenda mbali. Lakini kuna njia, dada. Toa kamba ya bibi yenu. Chukua hii yangu unipime mimi. Kivuli changu kimepinda, ila nyumba haichagui."

"Halafu siku arobaini."

"Halafu siku arobaini. Nimeshaishi. Ni deni la kwetu, si lako."

Kamba mpya ilikuwa pale kwenye mfuko wa zana, karibu na timazi. Kuinyoosha sakafuni kungechukua muda wa kunywa glasi moja ya maji. Vukosava alimwangalia mtoto alivyolala kinywa wazi, akahesabu pumzi zake kumi, kisha kumi nyingine.

"Nyumbani una nani?" aliuliza.

"Mke. Mabinti wawili. Mkubwa atajifungua mwezi wa tisa."

"Na huyo atakayezaliwa akiwa wa kike, nani atamkalia dirishani?"

Fundi alimtazama mtoto.

"Wale waliompima bibi nao waliona ni mtu mmoja tu," alisema Vukosava. "Iache kamba yako humo mfukoni, fundi. Na ukae hivyo hivyo, usijitikise, ana robo saa nyingine."

Fundi alikaa. Mtoto alipoamka, fundi alisimama kwa shida, akajinyoosha, akarudi kulichungulia lile tundu kwa muda mrefu. Alipima kwa macho toka tundu hadi dirishani, toka dirishani hadi sakafuni. Kisha akatoa mdomoni sauti ya dharau, ile ya fundi anapoona kazi ya fundi mwingine.

"Wameiweka juu mno," alisema. "Kazi ya haraka hii. Kuitoa siwezi. Kuishusha naweza."

Ilimchukua siku tatu. Alichimba mfereji ndani ya ukuta, akaizungusha kamba nyumba nzima bila kuiruhusu ionje hewa ya nje, akailaza chini ya kizingiti cha dirisha la magharibi. Nyumba iliguna mara mbili lakini haikupasuka, kwa kuwa haikunyang'anywa kitu. Ijumaa akaosha mwiko wake. Vukosava akampa chupa ya rakia, pombe kali ya matunda, na jozi ya soksi za sufu kwa mtoto wa mwezi wa tisa. Fundi akaandika kwenye ripoti: unyevunyevu umehamishiwa sakafuni. Ndugu Tadija akasaini.

Siku sita za juma palikuwa na wageni, na sheria haikuruhusu watoto kulazwa kwenye vyumba vya maonyesho. Lakini kila Jumatatu makumbusho yalifungwa. Ndugu Tadija alitafuta fomu inayofaa na hakuiona, akatumia ile ya kukopesha viti.

Jumatatu ya kwanza Zagorka alikuja moja kwa moja kutoka shambani, vidole vyake vyekundu kwa pilipili. Alivua viatu mlangoni. Saa kumi jua likaingia, na kivuli hakikwenda ukutani tena. Kilijilaza sakafuni, kirefu, miguu dirishani na kichwa karibu na jiko la vigae la kupashia chumba joto. Vukosava akatandika blanketi mahali pa kifua, Zagorka akamlaza mtoto.

Ukasikika mshindo wa ndoo ikitua, na wa pili. Mzegazega ukashuka begani. Mikono iliyokuwa imeushikilia kwa miaka mia moja na hamsini ilibaki mitupu kidogo, kama haijui pa kwenda, halafu ikajikunja taratibu kulizunguka blanketi.

"Mama, amelala," alinong'ona Zagorka.

"Naona."

"Mchana huu."

"Naona, mwanangu. Nyamaza basi, utamwamsha."

Zagorka akajilaza naye, akaweka kichwa pembezoni mwa kivuli, pale palipokuwa na bega, na usingizi ukamchukua kabla hajajifuta vidole. Vukosava alikaa kwenye kiti cha mlinzi akiwaangalia wote watatu. Ukutani, ubao wa maelezo ulisema nyumba ilijengwa na mtawala kwa gharama zake mwenyewe.

Saa kumi na moja jua lilianza kuhama. Kivuli kiliitoa mikono yake moja baada ya nyingine, kikatwaa mzegazega, kikainuka na kurudi kizingitini, kwa kuwa nyumba ilikuwa bado inakihitaji. Vida alifumbua macho. Walifunga madirisha, wakateremka.

Nje jua lilikuwa bado kali. Zagorka alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakitandaza juu ya mtoto.

"Jumatatu ijayo jua litakuwepo?" aliuliza.

Redio ya asubuhi ilikuwa imetangaza wiki mbili za mvua. Vukosava alikiweka sawa kitambaa juu ya uso wa mtoto.

"Litawaka, mwanangu," alisema. "Wewe mlete tu."